Kutoka Edmonton Hadi Bahari ya Aktiki kwa Gari: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari ya Kiangazi

Kila kiangazi kinapokaribia, wasomaji huniandikia kuhusu safari ya Tuktoyaktuk, kijiji cha kaskazini mwa Kanada ambako barabara huishia baharini. Kiangazi kikiisha, wengi huandika tena kusema waliishia njiani. Kuna walioishia Dawson City baada ya kusoma upya mkataba wa gari la kukodi. Wengine wamegeuzia Eagle Plains, kituo kilicho peke yake njiani, matairi mawili yakiwa yamepasuka. Wengine wamekaa kando ya mto wakisubiri pantoni mpaka likizo ikawaishia.

Chanzo huwa kimoja. Watu hupanga safari hii kwa kilomita, kama wanavyopanga safari ya Calgary au Toronto. Huku juu unapanga kwa vituo: mafuta yanapatikana wapi, fundi wa tairi yuko wapi, mto unavukwa wapi. Kilomita 370 zisizo na kituo hata kimoja ni jambo zito kuliko kilomita 1,000 za lami.

Nimeanzia Edmonton kwa sababu Waswahili wengi wa magharibi mwa Kanada wanaishi Alberta. Ukitokea kwingine, ungana nasi Dawson Creek.

## Andaa hivi kwanza

Usianze kutaja tarehe kwa mtu yeyote kabla ya kuhakikisha unavyo hivi, au una uwezo wa kuvipata:

- Gari zima lililo juu kiasi, lenye matairi imara ya barabara ya changarawe
- Matairi mawili ya spea yenye ukubwa kamili, pamoja na rimu zake
- Jeki, spana ya magurudumu, kipande cha ubao mnene, vifaa vya kuziba pancha na pampu inayotumia umeme wa gari
- Jerikeni la lita 20 la mafuta, lililotengenezwa kwa kazi hiyo
- Kifaa cha mawasiliano ya setilaiti
- Ramani ya karatasi, na ramani zilizopakuliwa kwenye simu
- Maji ya siku tatu na chakula kisichohitaji friji
- Dawa ya kupuliza dubu, neti za kichwani na dawa ya mbu
- Nguo za baridi kali, hata kama ni Julai
- Wiki tatu na nusu hivi

Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Kama una wiki mbili tu, nenda mpaka Tombstone, kambi iliyo karibu kilomita 110 baada ya Dawson City, ugeuze. Ni safari nzuri iliyokamilika, na ni bora kuliko kukimbizana na saa kwenye changarawe.

## Hatua ya 1: Chagua muda kwa kuangalia mito

Barabara ya Dempster, njia ya changarawe itokayo karibu na Dawson City hadi mji wa Inuvik, inakatizwa na mito miwili mikubwa, Peel na Mackenzie, na hakuna daraja. Majira ya baridi magari hupita juu ya barafu. Kiangazi hubebwa na pantoni. Kati ya misimu hiyo kuna wiki kadhaa ambazo barafu imevunjika na pantoni haijaanza, na hapo hapitiki. Pantoni kwa kawaida huanza mwezi Juni, lakini tarehe hubadilika kila mwaka kulingana na barafu.

Kwa hiyo usipange kuvuka kabla ya katikati ya Juni. Julai ina jua lisilozama, kwa kuwa Inuvik jua halizami tangu mwishoni mwa Mei hadi baada ya katikati ya Julai, lakini ina mbu wa kutisha. Mimi napendelea wiki mbili za mwisho za Agosti. Mbu wamepungua, vichaka vya tundra vinaanza kuwa vyekundu, na usiku umerudi kiasi cha kuweza kuona taa za kaskazini angani. Usiku wa Agosti unaweza kushuka chini ya sifuri, na milimani theluji si ajabu.

Wenye watoto wa shule waondoke katikati ya Julai.

Umefanikiwa kama: una tarehe za kuondoka na kurudi, na siku tatu za akiba ambazo hujazipangia kitu.

## Hatua ya 2: Karatasi na bima

Njia hii yote iko ndani ya Kanada: Alberta, British Columbia, Yukon na Northwest Territories. Nimeichagua makusudi. Watu huona jina la Alaska Highway, barabara kuu tutakayoifuata hadi Whitehorse, wakadhani lazima waingie Alaska, au wanafika Dawson City wakatamani kuvuka kidogo upande wa pili. Ukaazi wa kudumu wa Kanada haukuingizi Marekani. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo anahitaji viza ya Marekani, na hiyo haipatikani mpakani. Kama huna, Alaska usiipange.

Kama gari ni la kukodi, soma mkataba wote. Mikataba mingi inakataza barabara za changarawe, na mingine inaitaja Dempster kwa jina. Ukivunja sharti hilo, bima inaweza kukataa kulipa chochote. Wapo wakodishaji Whitehorse wanaotoa magari maalumu ya barabara hii, yenye matairi yanayofaa. Ni ghali, lakini uko salama kisheria.

Kama gari ni lako, piga simu kwa bima uulize mambo matatu: kioo cha mbele kinalipiwa? Changarawe inaruhusiwa? Gari likivutwa, kikomo ni kilomita ngapi? Huduma nyingi za msaada wa barabarani zina kikomo, na gari likiharibikia kaskazini ya Eagle Plains, kikomo hicho kitaisha mapema. Omba majibu kwa maandishi.

## Hatua ya 3: Gawa njia kwa siku

Huu ndio mgawo ninaowapa watu. Kilomita ni za kukadiria.

Siku ya kwanza, Edmonton hadi Dawson Creek, 590. Ni lami na miji ya kutosha. Dawson Creek ndiyo maili sifuri ya Alaska Highway, iliyojengwa mwaka 1942 wakati wa vita. Angalia usichanganye Dawson Creek na Dawson City, zimeachana kwa safari ya siku tatu au nne.

Siku ya pili, Fort Nelson, 455. Hapa nunua vyakula, kwa sababu mbele maduka ni machache mpaka Whitehorse.

Siku ya tatu, Liard River, 310. Ni fupi kwa makusudi, maana unapita Summit Lake, sehemu ya juu kuliko zote kwenye Alaska Highway, kisha Muncho Lake, na kondoo wa milimani husimama katikati ya lami wakilamba chumvi. Jioni oga kwenye chemchemi za maji moto za Liard. Kuwa makini hapo: mwaka 1997 dubu mweusi aliua watu wawili kwenye chemchemi hizo. Fuata mabango.

Siku ya nne, Teslin, 470. Siku ya tano, Whitehorse, chini ya 180. Siku ya sita usitoke Whitehorse. Mpelekee fundi gari aangalie breki, matairi na mafuta ya injini. Ndiyo nafasi ya mwisho ya kupata kipuri bila kusubiri wiki nzima.

Siku ya saba, Dawson City, 530. Siku ya nane, kambi ya Tombstone, karibu 110. Siku ya tisa, Eagle Plains, karibu 300. Siku ya kumi, Inuvik, karibu 370 pamoja na mito yote miwili. Siku ya kumi na moja, Tuktoyaktuk, karibu 150. Unarudi kwa njia ileile, ukitenga siku moja ya kupumzika Inuvik.

Chumba cha Eagle Plains kiwekewe nafasi mapema. Kuna hoteli moja, na inayofuata iko mbali sana.

Onyo: jua lisilozama hudanganya. Saa tano ya usiku kuna mwanga wa alasiri, na dereva anajiona ana nguvu. Weka saa ya kusimama na uifuate. Beba kitambaa cheusi cha kufunika macho.

## Hatua ya 4: Matairi

Hapa ndipo safari nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dempster haina lami isipokuwa vipande vifupi sana. Tabaka la juu sehemu nyingi ni vipande vya mawe bapa vyenye makali. Ukiokota kimoja utaona: ukingo wake ni mwembamba na haujachakaa kwa maji kama kokoto za mtoni. Kinaposimama wima chini ya tairi, kinaingia kama ncha ya kisu. Tairi la kawaida la gari la mjini lina ubavu laini, na ubavu ukichanika hauzibiki.

Tafuta matairi ya magari ya mizigo midogo yenye alama ya daraja E, au yale ambayo wauzaji wanayaita ya tabaka 10. Kama saizi yako haina daraja hilo, chukua tairi jipya la njia zote lenye kashata nene. Usiende na tairi lililobakiza nusu ya kashata ukisema utalibadili ukirudi.

Ile spea nyembamba inayokuja na magari madogo haifai hapa, imetengenezwa kukufikisha gereji ya karibu kwa mwendo wa pole kwenye lami. Beba mbili kamili. Moja ikitumika, unabaki na moja, na bado unaweza kuendelea badala ya kugeuza.

Fanya mazoezi nyumbani. Toa tairi moja, rudisha, bila msaada wa mtu. Njiani utafuata mpangilio huu:

1. Simama mahali panyoofu panapoonekana kutoka mbali pande zote mbili, si kwenye kona. Washa taa za tahadhari. Ni heri kuharibu rimu kwa mita mia kuliko kugongwa na lori.
2. Vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili.
3. Legeza nati *kabla* ya kupandisha gari.
4. Weka ubao chini ya jeki. Bila ubao jeki inazama kwenye changarawe, gari linaweza kuteleza likakuangukia.
5. Badilisha, shusha, kaza nati kwa mpangilio wa msalaba.
6. Baada ya kilomita 50 hivi simama ukaze tena. Watu huisahau hatua hii, na nati hulegea kwa mtikisiko.

Pancha ndogo katikati ya kashata unaweza kuiziba mwenyewe kwa vifaa ulivyobeba na kujaza upepo kwa pampu. Tairi likichanika, Eagle Plains wana huduma ya matengenezo, na Inuvik pia kuna mafundi.

Umefanikiwa kama: unabadili tairi chini ya nusu saa bila kufungua kitabu, na mwenzako naye anaweza.

## Hatua ya 5: Hesabu ya mafuta

Kwenye Alaska Highway sheria ni rahisi: tanki likifika nusu, jaza kwenye kituo cha kwanza unachokiona. Vituo vingine kwenye ramani ni vya msimu, hufungwa usiku, au vimefungwa kabisa.

Kwenye Dempster piga hesabu. Kutoka Dawson City hadi njiapanda ya Dempster ni kilomita 40, kisha 369 hadi Eagle Plains. Jumla karibu 410. Tuseme gari lako hula lita 12 kwa kilomita 100. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya mzigo, changarawe na milima, inakuwa lita 14.4. Kilomita 410 zinahitaji lita 59. Kama tanki lako ni la lita 60, huna akiba, na ukikuta barabara imefungwa mbele huwezi kurudi. Jerikeni la lita 20 linakupa kilomita 130 na zaidi za usalama.

Kutoka Eagle Plains hadi Fort McPherson ni karibu 180, na kutoka hapo hadi Inuvik ni chini ya 200, kwa hiyo shida inapungua. Hata hivyo jaza Eagle Plains bila kujali bei. Usifungie jerikeni ndani ya gari pamoja na abiria, mvuke wake ni hatari. Lifunge nje, mahali lisipochezacheza.

## Hatua ya 6: Mawasiliano

Simu inashika mijini na vijijini. Kati ya hapo hakuna mtandao, na kwenye Dempster utaendesha siku nzima bila alama hata moja.

Wengi siku hizi hutegemea iPhone yenye huduma ya dharura ya setilaiti. Apple wenyewe wanaeleza kwamba huduma hiyo huenda isifanye kazi juu ya latitudo 62. Njiapanda ya Dempster iko karibu latitudo 64, Inuvik imepita 68. Kwa hiyo kodi au nunua kifaa kinachotumia setilaiti za Iridium, zinazofika mpaka kwenye ncha za dunia, kama vile Garmin inReach. Lipia huduma, kisha tuma ujumbe wa majaribio ukiwa nyumbani.

Mwachie ndugu mmoja ratiba yako kwa maandishi: unalala wapi kila siku, namba ya gari, na saa ambayo asiposikia neno lako apige simu polisi. Mchague mtu asiye na hofu ya haraka, lakini asiyesahau.

## Hatua ya 7: Chakula, kulala na wanyama

Chakula cha halali ni kigumu kupata baada ya Whitehorse, kwa hiyo beba nyama iliyokaushwa, maharagwe ya makopo, mchele, chai na unga wa ugali.

Kambi za serikali ya Yukon zina kuni zilizojumuishwa kwenye ada, na kwenye Dempster nzuri ni Tombstone, Engineer Creek na Rock River. Pika mbali na hema. Harufu ya samaki wa kukaanga au pilau husafiri mbali, na dubu ana pua kali mno. Chakula, sufuria, dawa ya meno na sabuni vyote vilale ndani ya gari lililofungwa madirisha, au kwenye sanduku la chuma kama kambi inalo. Hata nguo ulizopikia usilale nazo hemani.

Dawa ya kupuliza dubu ikae kiunoni, si chini ya begi. Jifunze kutoa pini yake. Usiache kopo kwenye gari lililo juani, linaweza kupasuka. Ukimwona dubu ukiwa ndani ya gari, baki ndani na umpishe. Ukiwa kwa miguu, mpe mita 100, usikimbie, rudi nyuma taratibu ukizungumza kwa sauti ya kawaida.

Mbu wa Julai hawazuiwi na dawa pekee. Neti ya kichwa na mikono mirefu ndivyo vitakavyokuwezesha kula nje.

## Hatua ya 8: Kuendesha kwenye Dempster

Mwendo wako ni kilomita 60 hadi 70 kwa saa. Kila nyongeza juu ya hapo unainunua kwa matairi.

Lori likija mbele, punguza mpaka karibu kusimama, sogea kulia bila kuingia kwenye ukingo laini, subiri vumbi litue. Mawe yanayorushwa na lori huvunja kioo, na nguvu ya jiwe hutokana na mwendo wa magari yote mawili. Wewe ukisimama, umepunguza sehemu yako. Taa za mbele ziwake muda wote.

Mvua ikinyesha, barabara hugeuka. Hutiwa kalsiamu kloridi ili kushika vumbi, na ikilowa udongo wake huteleza kama sabuni. Ukikuta hali hiyo, simama mahali pa kambi ulale. Siku zako za akiba ni za kazi hii.

Vibao vya kilomita huhesabu kutoka njiapanda. Mzingo wa Aktiki uko kilomita 405, mpaka wa Northwest Territories 465. Ukivuka mpaka, vibao huanza upya kutoka sifuri, kwa hiyo usishtuke ukidhani umepotea.

## Hatua ya 9: Kuvuka kwa pantoni

Ukihesabu tangu njiapanda, pantoni ya Peel iko kilomita 539, kabla ya Fort McPherson. Ya Mackenzie iko 608, kwenye kijiji cha Tsiigehtchic. Hazina nauli, na huhitaji kuweka nafasi. Unapanga foleni, unasubiri ishara ya mhudumu.

Mahali pa kupandia si gati la zege. Ni mteremko wa changarawe unaosukumwa upya na katapila kadiri mto unavyopanda na kushuka. Gari refu au lililo chini hugusa pale udongo unapokutana na bamba la chuma. Ingia pole, kwa gia ndogo, usimame hasa pale unapoonyeshwa.

Tsiigehtchic pantoni hutia nanga sehemu tatu, moja ikiwa kijiji chenyewe. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba unakwenda Inuvik.

Asubuhi ya siku ya kuvuka, angalia hali ya barabara kabla ya kutoka Eagle Plains. Tovuti ya 511 ya Yukon na ile ya barabara za Northwest Territories huonyesha kufungwa. Wafanyakazi wa hoteli nao huwa na habari, maana madereva wa malori hupita hapo. Upepo mkali mpakani, maji mengi mtoni au barabara iliyokatika vinaweza kukuweka siku mbili.

## Hatua ya 10: Moto wa misitu

Kiangazi cha kaskazini ni msimu wa moto pia. Mei 2024 wakazi wa Fort Nelson walihamishwa mji mzima, na Agosti 2023 ikawa zamu ya Yellowknife. Alaska Highway ikifungwa, hakuna njia ya mchepuko ya karibu. Kila jioni angalia ramani ya moto ya jimbo unaloingia kesho. Ukiambiwa subiri, subiri mjini penye mafuta, usisogee mbele kungoja kwenye kizuizi. Mwenye pumu abebe dawa za kutosha na barakoa za kuchuja moshi.

## Ukifika

Inuvik tafuta Msikiti wa Jua la Usiku wa Manane. Ulijengwa Winnipeg, ukasafirishwa kwa lori na kwa tishari zaidi ya kilomita 4,000, ukafika mwaka 2010. Waislamu wanaokwenda kipindi ambacho jua halizami wamuulize shehe wao mapema kuhusu nyakati za sala. Kanisa Katoliki la hapo limejengwa kwa umbo la nyumba ya barafu.

Barabara ya Inuvik hadi Tuktoyaktuk ilifunguliwa Novemba 2017, nayo ni changarawe. Imejengwa kwa kuinuliwa juu ya ardhi iliyoganda, na kingo zake ni laini, kwa hiyo usiegeshe pembeni. Kijijini ni nyumbani kwa Wainuvialuti, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu na samaki waliokaushwa. Vilima vya barafu viitwavyo pingo vinaonekana kutoka kijijini, na kimoja, Ibyuk, kina karibu mita 49. Usivipande.

## Kurudi

Matairi yamechoka kuliko ulivyoyaanza, na watu huongeza mwendo kwa hamu ya nyumbani. Kagua upepo kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, na usishuke Dempster bila spea angalau moja nzima. Ukifika Dawson City au Whitehorse, osha gari kwa maji ya nguvu, hasa chini: kwenye chesisi, breki na ndani ya rimu. Ile kalsiamu kloridi huganda na kula chuma. Matope yaliyokauka ndani ya rimu hufanya usukani utetemeke kwenye lami, nawe ukadhani gari limeharibika. Badili kichujio cha hewa hapohapo, kitakuwa kimejaa vumbi.